Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Aseme Anaumwa Wapi

 

Kila mwaka, shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa katikati ya mwaka, huwa tunapata wageni. Utawaona wakishuka stendi ya Embu au Makutano ya Meru, mikoba mikubwa mgongoni, chupa ya maji mkononi. Baadhi yao wanakuja kupanda Mlima Kenya na kurudi kwao. Wengine wamekuja kujitolea, na miongoni mwao wamo wanaoelekezwa kwenye shule maalum na vitengo vya watoto wenye ulemavu wa akili. Kuna walimu waliosomea kazi hiyo, kuna wataalamu wa kunyoosha viungo, na kuna vijana waliomaliza sekondari juzi ambao hawajawahi kumfundisha mtu chochote.

Leo sikuja kuwasema vibaya wageni hao, wala kuwapigia makofi. Neno langu ni kwetu sisi tunaowapokea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hakuna aliyewahi kutibiwa akapona bila kusema anaumwa wapi. Sisi wa Meru na Embu tunajua kukaribisha. Tunachinja, tunaimba, tunatoa hotuba. Kusema tunataka nini hasa, hapo ndipo ulimi unapokuwa mzito.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka mitano. Kwa nchi nzima walikuwa asilimia 2.2. Kaunti iliyoongoza taifa zima ilikuwa Embu, kwa asilimia 4.4. Hiyo ni mara mbili ya wastani wa Kenya. Na sensa iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mtoto anayetembea vizuri, anayeona mbali na kusikia hata minong'ono, lakini herufi zinamchezea kila akifungua kitabu, si rahisi karani wa sensa kumtambua. Mara nyingi hata mama yake hajui amwiteje.

Nchi hii imezoea kuutambua ulemavu unaoonekana. Kwa watoto wasioona kuna St. Lucy's kule Egoji. Kwa viziwi kuna shule ya Kaaga mjini Meru na ya St. Luke's kule Embu. Hizo ni shule zenye majina, na watu wanazijua. Lakini mtoto mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, au mwenye disleksia, huyo mara nyingi utamkuta kwenye kitengo: chumba kimoja mwisho wa shule ya msingi ya kawaida, karibu na stoo, mwalimu mmoja au wawili, na watoto wa umri tofauti wenye mahitaji tofauti kabisa. Na huyo ndiye mwenye bahati. Mwenzake yuko darasa la kawaida, ameketi nyuma kabisa, ameitwa mjinga tangu chekechea mpaka naye akaamini.

Sasa mgeni anaingia kwenye chumba hicho. Afanye nini?

Nitakupa mfano mdogo sana, msikilizaji. Kufunga vifungo vya shati. Mtoto wa miaka tisa mwenye ulemavu wa akili amefundishwa vifungo kwa mwaka mzima, hajui. Mwalimu anaanza na kifungo cha juu, mtoto anashindwa, mwalimu anamsaidia, wanaenda cha pili, mtoto anashindwa tena. Kila asubuhi somo lake la kwanza ni kushindwa. Mtaalamu aliyebobea humwonyesha mwalimu njia ya kuanzia mwisho. Mwalimu anafunga vifungo vyote isipokuwa kimoja. Hicho kimoja anakipenyeza nusu tunduni, kisha anamwachia mtoto avute tu. Mtoto anavuta, shati limefungwa, kazi imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye. Anasifiwa. Akishazoea, anaachiwa kifungo kizima. Halafu viwili. Anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka siku anayoanza na cha juu mwenyewe.

Njia hiyo haihitaji umeme, tarakilishi wala mfadhili. Ukishaijua utaitumia kwa viatu, kwa kunawa mikono, kwa kuchemsha chai, kwa kuhesabu nauli ya matatu. Na mwalimu akiijua, mgeni anaweza kupanda ndege jioni ileile na asikoseke.

Mfano wa pili ni kiti. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mgongo wake haumtii hawezi kutazama ubao akiwa amelazwa mkekani, na hata kumeza chakula ni shida kwake. Anahitaji kiti cha kumshika kiunoni na kifuani, na kiti cha kununua ni bei ya ng'ombe. Kule Zimbabwe, mwalimu mmoja kwa jina Bevill Packer alibuni ufundi wa kutengeneza viti, meza na vifaa vya kusimamia kwa kutumia maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Unabandika tabaka juu ya tabaka, unaanika juani siku kadhaa, unapaka rangi. Kiti kinatoka kigumu na kinambeba mtoto. Ufundi huo umeenezwa nchi nyingi za Afrika, na miongoni mwa waliousambaza wamo watu wa kujitolea. Maboksi yamejaa nyuma ya kila duka pale Gakoromone. Unga tunao. Tulichokosa ni mtu wa kutuonyesha mara moja, na fundi wetu wa kuendelea.

Hapo ndipo ninapopimia msaada wa mgeni: akiondoka, mwalimu na mzazi wanajua kufanya nini ambacho hawakujua alipofika? Picha za simu hazihesabiwi, wala ukuta uliopakwa rangi mpya na kuchorwa twiga, wala peremende.

Wala sisemi jambo lisilowezekana. Limewahi kufanyika hapa nchini. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, pale Kasarani, Nairobi. Wataalamu wa Denmark walifanya kazi pamoja na Wakenya, kisha wakarudi kwao. Leo mwalimu wa kitengo kule Igembe au Mbeere aliyesomea KISE huenda hajawahi kukutana na Mdenmaki hata mmoja maishani mwake. Kazi imebaki, imekuwa yetu, na inafanywa na sisi.

Na hapa Meru kwenyewe kuna kisa cha Tuuru. Wamisionari wa Consolata walifungua pale Tuuru makao ya watoto waliopooza kwa polio. Watoto walikuwapo, moyo wa kuwasaidia ulikuwapo, maji hayakuwapo. Bruda mmoja Mwitaliano, Giuseppe Argese, akapewa kazi ya kuyatafuta. Alipanda msitu wa Nyambene, akaona jinsi ukungu unavyonata kwenye miti na kudondoka chini usiku kucha, akaanza kuyakusanya maji hayo kule Mukululu na kuyateremsha kwa mabomba. Aliendelea kwa miongo kadhaa, hadi uzeeni. Mradi ulioanza kwa ajili ya watoto walemavu ukaishia kunywesha watu zaidi ya laki mbili na mifugo yao. Wenyeji walimpa jina la Mukiri, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache.

Nakitaja kisa hicho kwa sababu mbili. Kwanza, Argese hakuja na jibu mfukoni. Aliambiwa tatizo ni maji, ndipo akaenda kulitafuta jibu. Pili, alikaa. Sisemi kila mgeni akae miaka hamsini, la. Lakini kuna kazi za wiki mbili na kuna kazi ambazo wiki mbili ni kuzichafua tu.

Kumfundisha mtoto mwenye usonji ni mojawapo ya kazi zinazochafuliwa na wiki mbili. Mtoto huyo anaishi kwa mpangilio. Anataka kiti kilekile, kikombe kilekile, sauti ileile ya asubuhi. Mgeni mpya akiingia kila mwezi na michezo yake na nyimbo zake, mtoto anavurugika, analia, anajipiga. Mgeni anaandika nyumbani kwamba watoto wa Afrika wana shida kubwa. Mwalimu anabaki kutuliza vurugu ambayo haikuwapo.

Kuna pia mtoto mwenye hali iitwayo Down syndrome, mcheshi, anayemkumbatia kila anayeingia. Mgeni anafurahi, anampakata, anampiga picha. Tunasahau kwamba mtoto huyo ndiye anayehitaji sana kufundishwa nani akumbatiwe na nani asalimiwe kwa mkono. Mtoto asiyeweza kusimulia alichotendewa ndiye anayelengwa na waovu. Na waovu wamewahi kuja kwa jina la kujitolea. Mwaka 2015 mahakama ya Uingereza ilimfunga Simon Harris zaidi ya miaka 17 kwa kuwadhulumu watoto wa Gilgil. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu Matthew Durham wa Oklahoma miaka 40 kwa kuwanajisi watoto wa makao aliyokuwa akijitolea jijini Nairobi. Wote wawili walipokewa kwa ukarimu. Asilimia kubwa ya wanaokuja ni watu wema, lakini wema haupimwi kwa rangi ya ngozi wala kwa tabasamu. Hupimwa kwa cheti cha polisi kutoka kwao, kwa barua ya aliyewahi kumwajiri, na kwa sheria kwamba hakuna mgeni anayebaki peke yake na mtoto, hata dakika tano, hata chooni, hata akiwa mtawa.

Tuje kwenye lugha. Mtoto wa Tigania anaongea Kimeru nyumbani. Wa Siakago anaongea Kimbeere. Akifika shuleni anakutana na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Sasa mtaalamu kutoka ng'ambo anampima kwa picha za vitu asivyowahi kuviona, kwa lugha ya tatu, kisha anaandika ripoti kwamba mtoto hajui maneno. Mtoto huyohuyo anajua jina la kila ng'ombe wa babu yake, na anajua njia ya mkato kutoka mtoni mpaka sokoni. Kipimo kimekosea, na ripoti imeshaingia kwenye faili. Kwa hiyo mgeni wa kupima watoto asikubaliwe kupima bila mwalimu wa hapa ubavuni anayeijua lugha ya nyumbani kwa mtoto.

Na kuna suala la kuondoka. Wageni huondoka, na wakati mwingine huondoka bila taarifa. Kikosi cha Amani cha Marekani, Peace Corps, kilikuwa na walimu wa kujitolea nchini tangu miaka ya sitini, wakiwemo waliofundisha viziwi. Julai 2014 mpango huo ulisimamishwa kwa sababu za usalama na vijana wakarudishwa kwao. Machi 2020 korona ikaja, na wageni wa mashirika mengi wakakimbilia viwanja vya ndege. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Lakini shule iliyokuwa imemkabidhi mgeni somo zima ilibaki na somo lisilo na mwalimu.

Basi mwenyeji aseme nini? Mwalimu mkuu, na wewe mwanabodi wa shule, hebu chukueni kalamu.

Andikeni mahitaji yenu kabla hamjaandikiwa na mtu. Msiseme tunahitaji msaada. Semeni tunahitaji mtu aliyesomea matatizo ya kuongea, akae muhula mmoja, afundishe walimu wetu watatu na wazazi kila Ijumaa. Asiyefaa kwa hilo mwambieni asante, na mumwelekeze kwingine. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mpe jembe analojua kulishika. Kijana asiye na ujuzi wa kufundisha anaweza kurekebisha madawati, kusaidia jikoni, kuandika kadi za picha ambazo mwalimu amezipanga. Hiyo ni kazi ya heshima. Asipewe darasa ambalo kwao asingekubaliwa hata kusimama mlangoni pake.

Ulizeni pia habari ya pesa. Vijana wengi hulipa kampuni za kwao ada nzito ili waje kujitolea. Shule ina haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ada hiyo kinafika kitengoni. Na ulizeni kibali: mtu anayekuja kufanya kazi, hata bila mshahara, haingii kama mtalii.

Msikilizaji, sasa nitasema jambo ambalo huenda lisipendeze kila mtu. Tunapozungumza kuhusu mtu wa kujitolea kutoka ng'ambo, akilini tunamwona Mzungu. Lakini wataalamu tulio nao ng'ambo ni ndugu zetu. Nenda Lowell, Massachusetts, au miji mingine ya Marekani yenye Wakenya wengi. Utawakuta watu wa kwetu wakifanya kazi katika nyumba za kuwatunza watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Wamefundishwa jinsi ya kumlisha mtu asiyemeza vizuri asipaliwe, jinsi ya kumtuliza anayejipiga bila kumfunga kamba, jinsi ya kupanga siku yake kwa picha, jinsi ya kutoa dawa za kifafa kwa saa. Wameifanya kazi hiyo usiku na mchana, wengine kwa miaka mingi.

Wanaporudi Desemba tunawauliza nini? Tunawauliza harambee. Tunawakalisha meza ya mbele, tunawaomba mabati na tangi la maji. Hakuna anayewauliza ujuzi. Nao wenyewe hawausemi, kwa sababu mtaani kazi hiyo imepewa majina ya dharau, kwamba kazi yenu huko ni kuosha wazee. Naomba nikwambie wewe ndugu yetu unayenisikiliza kwa simu ukiwa zamu ya usiku: ujuzi huo unaouonea haya ndio vitengo vya Runyenjes na Mikinduri vinautafuta. Unajua Kimeru au Kiembu. Huhitaji mkalimani. Mtoto hatashangaa ngozi yako. Likizo yako ijayo tupe siku tatu, kaa na wazazi na walimu wa kitengo kimoja, waonyeshe unachofanya. Hiyo itazidi mabati.

Na si lazima mtu atoke ng'ambo. Hapa tuna chuo cha walimu Kigari, tuna chuo cha walimu Meru, tuna vyuo vikuu, tuna walimu wastaafu wanaokaa nyumbani wakilalamikia siasa. Tuna vijana waliomaliza kidato cha nne wanaongoja chuo kwa miezi. Kama kijana wa Uholanzi anaweza kuvuka bahari kuja kumshika mkono mtoto wa jirani yako, wewe unashindwa kuvuka barabara?

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mgeni. Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtoto elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 sasa imepisha mpya ya 2025. Sheria tunazo. Lakini mgao wa elimu ya msingi bila malipo ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, pamoja na nyongeza kwa mwenye mahitaji maalum, na mwenye kitengo anajua fedha hizo huishia wapi bei ya nepi, sabuni na uji ikishapigwa hesabu. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkali, ikiandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mgeni anayejitolea hawezi kuwa badala ya mwalimu aliyeajiriwa na tume ya walimu, TSC, wala mlezi wa bweni anayelipwa kwa wakati. Kila ninaposikia kiongozi akimshukuru mfadhili jukwaani kwa kujenga choo cha kitengo, huwa najiuliza yeye mwenyewe alichaguliwa kufanya nini.

Nimalizie na wewe mzazi, kwa sababu yote haya yanaanzia nyumbani kwako. Kama mtoto wako ana miaka saba na bado hatamki, au yuko darasa la tatu na hawezi kusoma jina lake, usingoje mgeni, na usingoje maombi peke yake. Mpeleke kwenye kituo cha tathmini kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Uliza apelekwe wapi, afundishwe nini, na wewe ufanye nini nyumbani. Mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nenda kitengoni, uketi, uone mwalimu anavyofanya. Hao wageni, wawe wamekuja kwa wiki au kwa mwaka, watapanda ndege. Mwalimu atahamishwa. Atakayekuwa na mtoto huyo akiwa na miaka thelathini ni wewe. Kwa hiyo wa kwanza kufundishwa awe wewe, na uidai nafasi hiyo bila kuona haya.